Mlango Mmoja, Vitasa Sita

4 Novemba

Mvua imeanza leo mchana, na paa la ofisi linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza ya printa. Tumesogeza printa. Kila mwaka tunasogeza printa na hakuna anayeziba paa.

Naanza kuandika hapa kwa sababu moja. Mvua hizi zikiisha, mwezi wa tatu, mkataba wangu na taasisi nao unakwisha, na nitakuwa ama nimepata nafasi ya kusomea uzamivu wa uchumi ng'ambo, ama nimekosa. Mwaka jana niliomba vyuo tisa. Vyote vilinikataa, vingine kwa adabu sana. Nilimwambia kila mtu kwamba nilijua hivyo tangu mwanzo. Uongo mtupu, nilikuwa nimeshaanza kuangalia makoti mazito. Safari hii nataka makadirio yangu yaandikwe kabla ya majibu, tarehe ikiwa juu yake, nisipate pa kujifichia.

Kazi yetu ni hii: wadadisi wa taasisi huenda nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanalima nini, wanakula nini, nani anafanya kazi na nani hana. Majibu huletwa kwetu, mimi na mwenzangu wa chumba cha mwisho, tuyasafishe. Mwenzangu anaitwa Wastani. Si jina lake, bali hawezi kumaliza sentensi bila kusema "kwa wastani". Ukimuuliza amelalaje, atakwambia kwa wastani vizuri. Naye anaomba uzamivu, kwa mara ya kwanza. Yeye huniita bosi, ingawa tulianza kazi wiki moja na mshahara wetu ni mmoja.

5 Novemba

Mvua. Printa imesogezwa tena.

9 Novemba

Profesa ametuita wote wawili ofisini kwake. Ni mtu wa maneno machache na barua chache. Vyuo vya nje vinamwamini kwa sababu hatii chumvi. Akiandika kwamba mtu ni mzuri, ni mzuri. Akiandika ni mzuri sana, watu huko wanapigiana simu. Ndiyo maana barua yake ina uzito, na ndiyo maana ana masharti. La kwanza tunalijua: mtu mmoja humwandikia misimu miwili, basi. Kwangu huu ni wa pili. Nikikosa safari hii hakuna nyingine, maana bila barua yake sisi ni majina tu kati ya mamia.

Sharti la pili hatukuwa tukilijua.

"Sipeleki watu wawili mlango mmoja," alisema. "Mkiomba wote chuo kimoja, wataniuliza nani zaidi. Nikijibu, nimemwangusha mmoja. Nisipojibu, nimewaangusha wote."

Wastani akauliza, sasa nani aombe wapi.

"Kuna vyuo kumi na viwili ninavyoweza kuviandikia. Gawaneni sita kwa sita."

"Si utugawie wewe, Profesa?"

"Nyinyi si wachumi? Mambo haya mmeyasomea. Nileteeni orodha mbili, nisisikie kelele."

Tulitoka. Kwenye ukumbi Wastani alisema kwa wastani ameelewa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria.

12 Novemba

Leo nimerudisha madodoso ya mdadisi mmoja. Alitakiwa atembelee kaya sita. Kwa sababu ya mvua alikaa kwenye nyumba moja, akamhoji baba, mama, watoto watatu wakubwa na shangazi yao, kisha akaandika kaya sita. Wote sita mahindi yao yameoza. Wote sita wana choo kimoja chenye mlango wa bati la kijani.

"Lakini madam, watu sita nimewahoji kweli," aliniambia.

"Umewahoji. Umeuliza mara sita ukajua jambo moja."

Amerudi kwenye matope. Wastani alikuwa akisikiliza huku amejitia kusoma. Aliniambia nina roho ngumu. Nikamwambia sina roho ngumu, nina kaya tano zinazokosekana.

18 Novemba

Naandika kama ilivyokuwa.

Tulikubaliana kutumia njia ambayo hata watoto wanaijua: mmoja anagawa, mwingine anachagua. Wastani akasema, "Gawa wewe, bosi. Mimi nikigawa nitakuonea huruma, halafu nitajuta."

Vyuo tumevipa majina ya kwetu, maana ukitaja jina halisi humu ofisini kila anayepita anakuombea dua. Mnara, Ziwa, Daraja, Mawe, Kengele na Mto ni vile vikubwa. Vinachukua watu wengi kila mwaka, na Profesa anajulikana huko. Waliosoma naye ndio wanaokaa kwenye kamati za kuchagua. Halafu kuna vidogo. Cha kwanza ni Barafu, ambako nasikia msimu wa joto ni wiki chache. Vingine vitano havijulikani sana; kimoja tunakiita Ng'ombe kwa sababu ya picha iliyo kwenye tovuti yake. Vinachukua watu wachache, Profesa hana marafiki huko, na kila kimoja kina mambo yake.

Nikakadiria. Kwenye vikubwa nafasi yangu ni kama asilimia nane kila kimoja. Kwenye vidogo ni nne au tano, Barafu ikiwemo, na kwa Wastani ni hivyo hivyo, tunafanana mno. Mgawo wa haki ungekuwa kuchanganya: vikubwa vitatu na vidogo vitatu kila upande. Niliuandika huo. Nikautazama, nikaufuta.

Nilichokuwa nakijua ni hiki: huko Barafu yuko mzee mmoja wa uchumi wa kaya ambaye Wastani amesoma kila alichoandika, na akimtaja hushusha sauti kama aliye msibani. Basi nikaweka vikubwa vyote sita upande mmoja, Barafu na vidogo vyote upande wa pili. Na kwenye jedwali la kumwonyesha nikaipa Barafu asilimia ishirini badala ya tano. Nilibadilisha namba moja tu. Kwa namba hiyo pande mbili zikakaribiana: nafasi ya kupata angalau chuo kimoja ikawa thelathini na tisa kwa mia upande wa vikubwa, thelathini na sita upande wa Barafu. Kwa namba zangu za kweli, upande wa Barafu ulikuwa ishirini na tano.

Wastani alilikalia jedwali asubuhi nzima. Alilipitia kwa kalamu, mstari kwa mstari.

"Barafu ishirini?"

"Wanapenda watu wa kazi ya nyumba kwa nyumba," nilisema. Hilo si uongo.

"Hivi vikubwa umeviweka pamoja vyote."

"Ndiyo."

"Una uhakika, bosi?"

"Chagua, bwana."

Akanitazama kidogo, mtazamo ambao sikuuelewa, kisha akachukua upande wa Barafu. Alisema asante. Nilifurahi, na naandika hapa kwamba nilifurahi. Chambo kilikuwa kimoja na samaki alikuwa mmoja. Sikuona kwamba nimefanya baya lolote. Alikuwa na akili zake na kalamu yake.

20 Novemba

Naishi kwa dada yangu, chumba cha uani. Dada ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na ukimuuliza jambo hujibu huku pini ziko mdomoni. Mama mkwe wake anataka kuja kukaa nao kwa sababu ya miguu yake, na chumba ni hicho changu.

"Wewe niambie tu, mdogo wangu. Unaondoka au huondoki?"

"Uwezekano ni kama asilimia thelathini na tisa."

Akatoa pini mdomoni ili azungumze vizuri. "Sasa mama mkwe nimwambie aje na asilimia ngapi ya mizigo?"

Shemeji, ambaye hutengeneza majokofu na hupenda kuonekana amechoka, alisema kutoka sebuleni kwamba thelathini na tisa enzi zake ilikuwa ni kufeli. Nikamwambia shemeji, mwaka jana nilikuwa na kumi na moja. Akasema basi hongera, umepanda daraja.

21 Novemba

Mvua siku nzima. Madodoso yameletwa yakiwa yamelowa.

1 Desemba

Nimetuma maombi yote sita. Profesa ametuma barua zake. Nilimuuliza, kwa kuzunguka, kama ameridhika na alichoandika juu yangu. "Nimeandika unachofanana nacho," akasema. Nimekaa na sentensi hiyo mchana kutwa na bado sijaamua kama ni nzuri.

13 Desemba

Ofisi imebaki karibu tupu, wengi wamekwenda likizo. Wastani alikuja na vikombe viwili vya chai, akafunga mlango, jambo ambalo hafanyi. Nilidhani ana habari mbaya.

"Bosi, kuna kitu nilitaka kukwambia tangu siku ile. Nilitaka kwanza tumalize kutuma, usije ukabadilisha mawazo." Alikuwa akikitazama kikombe. "Nashukuru ulivyonigawia."

Nikamuuliza ananishukuru nini.

"Usijitie hujui. Vikubwa vyote sita ni watu walewale. Wamesoma pamoja, wanafikiri mamoja, na wote wataanza na barua ya Profesa. Halafu wote wataangalia ile alama yetu ya hesabu."

Ile alama ya hesabu. Mimi na yeye tuna C katika hesabu za juu, mwaka mmoja, kwa mwalimu mmoja. Kwangu ni mwaka nilioumwa. Kwake sijui, sijawahi kumuuliza.

"Mmoja wao akiiona C akasema hapana, wote watasema hapana," akaendelea. "Huo ni mlango mmoja wenye vitasa sita. Upande ulioniachia mimi ni milango sita kweli. Barafu wanataka kazi ya nyumba kwa nyumba, Ng'ombe wanataka kilimo, wale wengine kila mtu na lake. Nilipoona umevipanga hivyo nikasema haiwezekani. Halafu nikakumbuka yule mdadisi uliyemrudisha kwenye matope. Mtu aliyeliona kosa lile hawezi kulifanya yeye. Nikajua umeamua kunipa. Kwa wastani watu hawafanyi hivyo."

Nilikunywa chai ikaniunguza.

Alipotoka nilifungua jedwali langu. Thelathini na tisa ile niliipata kwa kuhesabu kila chuo kama anayerusha shilingi yake mwenyewe, bila kumtazama jirani. Lakini shilingi ni moja. Nikihesabu kwa ukweli huo, nafasi yangu ni kama kumi au kumi na mbili kwa mia. Yake imebaki ileile ishirini na tano.

Kilichoniuma kwanza si kwamba nilimtega. Kilichoniuma ni kwamba nilikosea hesabu, hesabu ninayofundisha watu, na kwamba yeye aliyekuwa akijitia kusoma aliielewa kuliko mimi. La kumtega lilikuja baadaye, nikiwa njiani nimelowa, na lilipokuja halikuondoka. Sikumwambia. Nilijiambia maombi yameshatumwa, kumwambia hakubadilishi kitu. Kwa upande wa maombi ni kweli.

27 Desemba

Mama mkwe amefika, na mizigo yake asilimia mia. Amepewa kitanda, mimi nina godoro. Ni mama mpole. Anakoroma.

8 Januari

Hakuna.

15 Januari

Hakuna. Mama mkwe ameuliza kama hao watu wa chuo wanajua kwamba nasubiri.

22 Januari

Wastani ameanza kuniletea chai kila siku. Nimemwambia aache. Anasema ni kikombe tu. Zamani nilimwona mtu mzuri asiye na haraka, wa kukaa naye chumba kimoja bila kuchoka, basi. Sasa namtazama anavyofanya kazi. Jibu likiwa la ajabu halifuti. Humpigia mdadisi simu, akimkosa humpigia mwenye kaya, huuliza habari za watoto, kisha ndipo huuliza kuhusu mahindi. Anachelewa kumaliza kuliko mimi. Nilikuwa nahesabu huko kuchelewa kuwa ni udhaifu wake.

11 Februari

Mnara wamekataa asubuhi. Ziwa wamekataa kabla sijafunga ukurasa wa Mnara.

12 Februari

Daraja.

14 Februari

Mawe na Kengele, siku moja. Kengele wameandika kwamba mwaka huu waombaji walikuwa bora kupita kawaida. Waliandika hivyo hivyo mwaka jana. Umebaki Mto.

Dada haulizi tena. Ameninunulia kitambaa cha sketi, bila sababu yoyote, na akanipima kiuno nikiwa nakula.

16 Februari

Ng'ombe wamemkubali Wastani. Aliniambia kwa sauti ya chini kama anayeomba radhi. Nilimpa mkono. Nilimwambia hongera na nilikuwa namaanisha, labda kwa theluthi mbili.

24 Februari

Barafu wamemkubali.

Alisoma mara ya kwanza amesimama, mara ya pili amekaa chini sakafuni, karibu na ndoo ya maji ya paa. Kisha akampigia mama yake, akashindwa kumweleza ni kitu gani, akasema tu, "Mama, nimeula." Upande wa pili nilisikia yule mama akicheka na kupiga kelele za kuita majirani. Nilitoka nikasimama ukumbini mpaka simu iishe. Nilikuwa na wivu. Sina neno jingine la kuweka hapa. Wivu, na chini ya wivu kitu kama afueni, kwamba ule mtego haukumdhuru.

3 Machi

Mto wamekataa.

Nililia kwenye choo cha ofisi, bomba likiwa wazi. Nilipofika nyumbani dada alinitazama mara moja, akazima cherehani. Alisema, "Basi." Kisha akasema, "Njoo ule." Mama mkwe aliniombea dua ndefu ambayo katikati yake aliwaombea na watu wa Mto, kwamba Mungu awafungue macho.

Makadirio ya mwanzo: thelathini na tisa. Makadirio ya pili: kumi na mbili. Matokeo: sifuri kwa sita. Vitasa vyote vimefungwa kwa ufunguo mmoja.

9 Machi

Profesa ameniita. Alisema sharti lake liko palepale, hataandika mara ya tatu, kwa sababu akianza kulegeza barua zake hazitamfaa hata atakayekuja baada yangu. Nilimwambia naelewa, na naelewa kweli. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Alisema pia kwamba hakuandika vibaya. "Ile C ndiyo iliyotuangusha," akasema. Nilisikia hiyo "tu" yake, nikaishika njia nzima kurudi chumbani kwangu.

Mkataba unakwisha tarehe thelathini na moja. Mvua nazo zinakatika. Leo ilikuwa manyunyu tu.

11 Machi

Wastani hakuweza kungoja hata nikae.

"Yule mzee wa Barafu anatafuta msaidizi wa utafiti. Miaka miwili. Amenambia wasaidizi wake karibu wote huingia uzamivu palepale, kwa sababu ameshawaona wakifanya kazi. Hahitaji barua ya Profesa. Ameniuliza mimi nimtajie mtu." Akasugua mikono. "Nimemtajia wewe. Anataka nimwandikie barua kabla ya wiki kuisha. Anasema anachotaka kujua ni kimoja: je, mtu huyu unaweza kuziamini namba zake ukiwa hupo?"

Nilimuuliza kuna wangapi wengine.

"Sijui. Usianze kukadiria, bosi, tafadhali."

Nilikadiria, bila shaka. Nilipata namba ambayo kwa mara ya kwanza tangu Desemba ilinifanya nipumue. Sikumwambia dada.

14 Machi

Leo hakukuwa na mvua kabisa. Tumerudisha printa mahali pake.

Wastani alikuwa anaandika barua yangu mezani kwake, na mimi mezani kwangu najitia kusafisha kaya za wilaya ya mwisho. Kila mara alisoma kidogo kwa sauti. Kwamba nimesafisha kaya elfu tisa. Kwamba naandika kwa ufupi. Kisha akasoma: "Tulipogawana vyuo vya kuomba, alinipa upande ulio bora, akabaki na ule mgumu, wala hakulizungumzia." Akanitazama aone kama nimependa. Niliinamisha kichwa kwenye kaya.

Akaendelea: "Na katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, hajawahi kunipa namba asiyoiamini mwenyewe."

Halafu akasita. "Hapa nataka kuweka mfano. Bosi, ile asilimia ishirini ya Barafu uliitoa wapi? Juzi wametuambia wenyewe: waombaji zaidi ya mia tatu, wamechukua wanane. Ni kama tatu kwa mia. Lakini wewe uliona ishirini kwa mtu kama mimi, na nimeingia. Nataka nimwandikie mzee uliona kitu gani."

Ningeweza kujibu vizuri sana. Ningesema niliangalia waliochukuliwa miaka ya nyuma nikalinganisha na kazi yetu ya nyumba kwa nyumba. Angeandika hivyo, mzee angefurahi, na hakuna mtu duniani ambaye angejua, kwa sababu jedwali la kweli liko kwangu peke yangu. Haya yote niliyapima, na niliyapima polepole. Nafasi yangu nikinyamaza: sitini kwa mia, hata zaidi. Nikisema: sijui, kumi, tano.

"Sikuitoa popote," nilisema. "Niliitunga."

"Uliikadiria."

"Makadirio yangu yalikuwa tano. Niliandika ishirini ili uchukue upande ule. Vikubwa nilivitaka mimi."

Aliacha kuandika.

"Kwa hiyo hukunipa."

"Sikukupa. Nilikosea hesabu. Kama nisingekosea, ningekuachia wewe vile vikubwa."

Alisimama akatoka. Kutoka dirishani nilimwona amesimama uani, kwenye jua, karibu na pikipiki za wadadisi, hafanyi chochote. Nilidhani ataenda moja kwa moja kwa Profesa, au nyumbani. Nilifungua faili ya kaya nikaifunga. Niliogopa, na sikuogopa kazi ya Barafu peke yake. Niliogopa kwamba Jumatatu chumba hiki kitakuwa na watu wawili wasiosemeshana.

Akarudi, akavuta kiti chake, akakaa mbele ya kompyuta bila kunitazama.

"Njoo hapa," alisema. "Ile ya vyuo naifuta."

"Futa."

Akaifuta. Kisha akaelekeza kidole kwenye inayofuata, kwamba sijawahi kumpa namba nisiyoiamini. "Na hii? Ukiacha ile ya Barafu, kuna nyingine?"

Nilifikiria miaka yote, wilaya moja baada ya nyingine. "Hakuna nyingine."

"Lakini hii nayo si kweli tena."

"Si kweli," nilisema. "Ifute."

Akaifuta nayo. Barua ikabaki na kaya elfu tisa na kwamba naandika kwa ufupi, na salamu. Ilikuwa barua ya mtu yeyote. Mzee aliuliza swali moja tu, na barua haikuwa na jibu lake. Wastani aliisoma mwanzo hadi mwisho, akasonya, si kwa ukali, bali kama mtu aliyekuta chai imepoa.

"Umeniudhi sana, unajua?" alisema. "Si hiyo ishirini. Mimi nimekuletea chai miezi mitatu, wewe unakunywa tu."

"Najua. Samahani. Samahani sana."

Aliweka vidole kwenye herufi, akaandika sentensi moja mpya, akaigeuza skrini upande wangu niisome mwenyewe. Ilisema: "Ukimuuliza namba imetoka wapi, atakwambia, hata kama jibu litamgharimu."

Nilitaka kumwambia kwamba tukio moja si ushahidi, na kwamba mtu haandiki kanuni kwa kumwona mtu mara moja. Nikanyamaza, akatuma.